Nani Alikuambia Usome Uhasibu?

Kila ninapopata darasa jipya, kabla sijashika chaki, nagawa vikaratasi. Nawaambia wasiandike majina. Swali ni moja: nani alikuambia usome uhasibu? Wanatazamana, wanacheka kidogo, kisha wanainama na kuandika. Nakusanya vikaratasi, navitia kwenye bahasha ya kaki, somo linaanza.

Mchana mimi ni mhasibu kwenye ofisi moja hapa Mbeya mjini. Jioni, mara tatu kwa wiki, nafundisha wanafunzi wa vyuo kwenye chumba cha kupanga maeneo ya Forest. Wengine wako mwaka wa kwanza na wamekwama, wengine wameshamaliza shahada na wanajiandaa na mitihani ya Bodi ya Wahasibu. Wanatoka Mzumbe kampasi ya Mbeya, TIA, TEKU, MUST. Likizo ikifika wanaongezeka wale wanaosoma Iringa waliorudi nyumbani. Mwezi wa sita na wa saba, baridi yetu ikishika, wanakaa wamebanana kwenye mabenchi, makoti yamefungwa mpaka shingoni, na wa nyuma wanaandika huku mkono mmoja uko mfukoni. Bahasha zangu sasa zimefika tisa.

Majibu mengi ni neno moja: ajira. "Soko la ajira." "Kila ofisi lazima iwe na mhasibu." "Mhasibu hakosi kazi." Miaka ya mwanzo niliyasoma nikaridhika nayo. Baadaye yakaanza kunisumbua. Kila hospitali nayo lazima iwe na muuguzi, kila shule lazima iwe na mwalimu. Sasa kwa nini huyu hakwenda uuguzi, akaja hapa kupambana na urari, ile orodha ya akaunti zote ambayo pande zake mbili lazima zilingane, unaokataa kubalansi saa moja usiku? Ajira inaweza kumtoa kijana nyumbani, lakini haielezi kwa nini alishika njia hii na si ile.

Basi nikaongeza swali la pili, hili nauliza kwa mdomo, mmoja mmoja, tukiwa tunafunga madaftari: hiyo ajira, ulimwona nani akiifanya?

Hapo ndipo habari zinapotoka.

Niseme kwanza yangu. Nimezaliwa Mbozi, enzi hizo ikiwa bado mkoa wa Mbeya, kabla Songwe haijawa mkoa mwaka 2016. Kwetu ni kahawa. Baba alikuwa na shamba dogo, na alisoma mpaka darasa la nne. Msimu wa mwaka 1998 nilikuwa darasa la sita, na siku ya malipo alinichukua tukaenda wote kwenye ofisi ya chama cha msingi. Chumba kimoja cha bati, meza moja, karani mmoja, na watu wamejipanga mpaka chini ya mwembe. Karani alikuwa na kaunta buku kubwa la kwaya nne, limefunikwa gazeti. Anaita jina, anasoma, unatia sahihi au dole gumba, unapewa fedha na karatasi yako, unapisha mwenzako.

Baba alisomewa hivi: kilo 186 za kahawa ya maganda, kwa shilingi 1,100, ni 204,600. Makato: mbolea mifuko miwili 26,000, dawa ya chulebuni 9,400, ushuru 10,230. Kinachobaki 158,970. Baba akashika kalamu.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na daftari langu la hisabati. Hesabu za karani zilikuwa sawa kabisa, nilizifuata tarakimu kwa tarakimu. Lakini nilikumbuka jambo. Mfuko wa mbolea ulikuja nyumbani juu ya baiskeli, na mimi ndiye niliyesukuma kwa nyuma kwenye kile kilima cha kutokea bondeni. Tulisukuma mara moja. Nikamvuta baba shati, nikamwambia, "Baba, mbolea tulichukua mfuko mmoja."

Baba alinyamaza, akaweka kalamu mezani. "Mwanangu anasema mfuko ni mmoja," akamwambia karani. Watu kwenye foleni wakaanza kuguna, maana jua lilikuwa kali na kila mtu anataka chake. Karani angeweza kutufukuza. Hakufanya hivyo. Alirudi nyuma kurasa kama kumi, akapitisha kidole, akasimama, akasema, "Subiri kidogo, mzee." Kulikuwa na mkulima mwingine mwenye jina la ukoo kama letu na jina la ubatizo linaloanza na herufi ileile. Mfuko wake ulikuwa umeandikwa kwenye ukurasa wetu. Karani akachukua kalamu nyekundu, akakata mstari, akaandika upya: 171,970. Akahesabu noti, akaongeza elfu kumi na tatu.

Elfu kumi na tatu mwaka ule zilitosha sare na madaftari ya watoto wawili. Lakini kilichonibakia ni zaidi ya fedha. Jioni ile, tumekaa jikoni kuota moto, akaja jirani ana karatasi yake mkononi. Hakumwuliza baba. Aliniuliza mimi. Kesho yake wakaja wawili. Mtoto wa kike wa miaka kumi na miwili, wazee wanavua kofia na kunipa karatasi walizozikunja mara nne. Sidhani kama kuna mshahara ulionifanya nijione mtu kama usiku ule.

Miaka mingi baadaye, chuo mwaka wa kwanza, mhadhiri aliorodhesha ubaoni makosa ambayo urari hauwezi kuyafichua. Mojawapo: kiasi sahihi, upande sahihi, lakini akaunti ya mtu mwingine. Nilitetemeka pale nilipokaa. Urari wa chama chetu ungebalansi siku ile. Jumla zote zingekubali, mkaguzi angepita, na baba yangu angelala na deni la mtu. Niliielewa kanuni ile kabla haijaandikwa ubaoni, na tangu hapo sikuwa na swali tena kama nipo mahali pangu.

Kwenye fomu, hata hivyo, hayo yote hayakuonekana. Kidato cha nne nilijaza PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, kama kila aliyepata alama nzuri, kwa sababu walimu walisema mwenye akili aende sayansi. Nikapangiwa EGM: uchumi, jiografia na hisabati. Kwa hiyo mtu akitazama kumbukumbu zangu ataona kijana aliyekosa udaktari akaangukia uhasibu. Ndiyo maana siziamini sana takwimu za "chaguo la kwanza" na "chaguo la pili."

Nilipokuwa nafanya shahada ya uzamili nilikutana na nadharia ambayo watafiti wengi wa jambo hili wanaitumia. Ni ya mwanasaikolojia Icek Ajzen, ya mwaka 1991. Anasema nia ya mtu kufanya jambo inajengwa na vitu vitatu: anavyolitazama jambo lenyewe, anavyohisi watu wake wa karibu wanalitarajia, na anavyoamini kwamba analiweza. Wanaochunguza wanafunzi wa uhasibu huuliza haya haya: je, unaona kazi hii inalipa na inaheshimika, wazazi na walimu wako walisemaje, hesabu unaziweza?

Nikipanga vikaratasi vyangu kwa mafungu haya matatu, la kwanza ndilo lenye maandishi mengi, lakini la pili na la tatu ndiyo yenye uzito. Hili la tatu hasa ningependa wazazi walielewe. Watoto wengi wa huku, wasichana zaidi, wanauogopa uhasibu kwa sababu walifeli hisabati, na wanaamini ni kitu kilekile. Nimewafundisha wengi wenye F ya hisabati kidato cha nne. Kazi hii ya kila siku inataka kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na asilimia. Kinachotakiwa zaidi ni kuvumilia: kurudi nyuma kurasa kumi, kupitisha kidole, kukubali kwamba umekosea mahali fulani na hujui wapi. Sijawahi kuona mtu akifundishwa hilo kwa logarithimu. Nimeona wakifundishwa nalo na mama zao dukani.

Na huku kwetu maduka hayakosekani. Ukikua Tunduma unaona malori yamepanga foleni ya kwenda Zambia na mawakala wa forodha wanakimbia na mafaili. Ukikua Makambako unalala na kuamka njia panda. Kyela ni mchele na kakao, Mufindi ni chai, Mafinga ni mbao, Njombe ni viazi, na ukitaja viazi umetaja lumbesa, lile gunia linalovikwa kilemba mpaka linazidi kipimo huku mkulima analipwa gunia moja. Mtoto wa mkulima wa viazi anajua maana ya kupunjwa kabla hajajua maana ya faida ghafi. Wafanyabiashara wa Makete nao tangu zamani wametawanyika kwenye miji hii wakianza na meza na kuishia na jengo, na watoto wao wamejifunzia pembeni ya droo ya fedha.

Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wangu miaka mitatu iliyopita. Binti wa Makambako, baba yake anauza vifaa vya ujenzi. Kwenye kikaratasi aliandika "Baba," halafu akapigia mstari. Nilipomwuliza alinieleza kwamba tangu mashine za risiti zilipoanza mwaka 2010, baba yake alikuwa anamlipa mtu wa kumfanyia mahesabu na kuwasilisha ritani za kodi TRA. Mtu yule akawa anachukua fedha na hawasilishi kwa wakati. Faini ikaja, ikaja nyingine, na mtu yule akabadilisha namba ya simu. Baba akawaita watoto sebuleni, akawaambia: "Mmoja wenu atasoma hii kitu. Atakayekubali, nauza kiwanja namsomesha." Binti huyu ndiye aliyenyosha mkono. Alikuwa kidato cha tatu.

"Ulikuwa unaipenda?" nikamwuliza.

"Nilikuwa nampenda baba," akajibu. "Kuipenda kulikuja mwaka wa pili, kwenye somo la kodi. Nilipoelewa ile faini ilihesabiwaje, nilipiga simu nyumbani usiku uleule."

Nalitafakari sana jibu lake. Watu husema mtoto asilazimishwe, na mimi nasema hivyo hivyo, maana nimeona waliosukumwa wakaacha chuo na ada ya mama ikapotea. Lakini yule binti hakusukumwa. Alihitajiwa. Kuna tofauti kubwa kati ya mzazi anayesema "soma hiki kina hela" na mzazi anayesema "tumekwama hapa, nani atatusaidia?"

Kuna mlango mwingine ambao watu wengi wanauonea aibu na mimi sioni sababu. Wapo wanaokuja uhasibu kwa sababu ndio uliokuwa wazi. Ukipata D nne kidato cha nne, unaweza kuanza astashahada, uende stashahada, ufike shahada, ngazi kwa ngazi. Kwa mtoto wa shule ya kata ambayo haikuwa na mwalimu wa kemia mwaka mzima, hiyo ndiyo ngazi pekee iliyofika chini mpaka miguuni pake. Mwanafunzi wangu mmoja alitoka Ludewa akitaka uuguzi, alama hazikutosha, akaanza cheti cha uhasibu Mbeya huku analia. Aliniambia alilia wiki mbili. Leo amebakiza pepa mbili tu za CPA, ile mitihani ya Bodi inayomfanya mtu awe mhasibu aliyethibitishwa, na kila anayekwama kwenye hesabu za makampuni anatumwa kwake. Wale waliokuja na daraja la kwanza mkononi hawakuwa na kitu alichokuwa nacho yeye: alikwishapoteza kitu alichokitaka, hivyo akakishika hiki kwa mikono miwili.

Fedha za kusomea nazo zinachagua. Mkopo wa Bodi ya Mikopo umekuwa ukianza na kozi za kipaumbele kama afya, uhandisi na ualimu wa sayansi, na mwanafunzi wa biashara anasubiri kuona kitakachobaki. Nimewaona wakiulizana bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, limeingia au bado kwa sauti ambayo haina mzaha.

Sasa nifike kwenye kikaratasi kinachoniumiza. Kipo kwenye bahasha ya nne. Kimeandikwa kwa mwandiko mzuri, wa kulala: "Kuna ulaji."

Nilipokisoma mara ya kwanza nilitaka kukichana. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anakabidhi ripoti kwa Rais mwishoni mwa Machi, Aprili inafika bungeni, na nchi nzima inasikia hati safi, hati yenye shaka, mabilioni yasiyo na vielelezo. Na nyuma ya malipo yasiyo na vielelezo mara nyingi kuna mtu aliyesoma nilichosoma mimi, akatia sahihi. Kijana aliyeandika vile hakuwa mjinga. Aliniambia mwenyewe baadaye, bila kuona haya, kwamba kijijini kwao nyumba nzuri kuliko zote ni ya mtu aliyekuwa mhasibu wa halmashauri, na wazazi wanawaonyesha watoto ile nyumba kwa kidole: soma uwe kama yule. Hakuna aliyeuliza mshahara wake ulikuwa kiasi gani. Ulimwona nani akiifanya? Huyo ndiye aliyemwona.

Sikumhubiria. Nilimpa kazi. Kwa miezi miwili nilimpa mafaili ya zoezi yenye vocha zilizochezewa, atafute. Mwanzo alikuwa anazitafuta kwa ajili ya alama. Kisha siku moja alikuta vocha ya dawa za zahanati, tarehe ya risiti iko kabla ya tarehe ya kuidhinishwa, na kiasi ni kilekile kwenye risiti tatu za maduka matatu. Akaniletea, akanyamaza, akasema, "Mwalimu, hizi dawa hazikununuliwa." Ilikuwa faili la kutunga, zahanati haipo. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayemjua mgonjwa. Siwezi kuapa kwamba amebadilika. Nafsi ya mtu ni pori. Najua tu kwamba sasa ameomba kazi za ukaguzi, na aliniomba nimwandikie barua ya udhamini, nikaiandika kwa moyo mmoja.

Heshima ya jina nayo inavuta. Tangu sheria iliyoanzisha Bodi ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ilipotungwa mwaka 1972, kuna mstari kati ya mtu aliyesoma uhasibu na mhasibu aliyethibitishwa. Siku hizi CPA inawekwa mbele ya jina kama Daktari au Mhandisi, kwenye kadi za harusi, kwenye matangazo ya misiba. Vijana wanaitamani. Mitihani ni Mei na Novemba, na wengi wanaanguka mara ya kwanza. Nimejifunza kutofautisha mapema nani atarudi kukaa tena. Aliyekuja kwa ajili ya ajira tu, akipata kazi yoyote, hata ya kuuza laini za simu, pepa anaziacha. Yule mwenye mtu nyuma yake, baba wa Makambako au jirani wa Mbozi, anarudi.

Na kuna walimu. Mwalimu wa mwaka wa kwanza anaweza kuua au kuhuisha. Nimepokea wanafunzi waliokaririshwa "mpokeaji debiti, mtoaji krediti" mpaka wanaisema usingizini, na ukiwauliza kwa nini, wanakuangalia. Utaratibu huu wa kuandika kila muamala pande mbili haukutoka darasani. Mtawa na mwanahisabati wa Italia, Luca Pacioli, alipouchapisha Venisi mwaka 1494 alikuwa anaeleza kile ambacho wafanyabiashara wa mji ule walikuwa wanakifanya tayari madukani mwao. Ulitoka sokoni. Kwa hiyo naanza na soko. Mama kakopesha gauni: gauni limetoka, deni limeingia. Hakuna kilichoingia ambacho hakikutoka mahali. Ukianzia hapo, mtoto wa sokoni Mwanjelwa anagundua kwamba kitu hiki anakijua tangu utotoni, na nimeona mabega yakishuka, hofu ikitoka.

Kijana mmoja wa mwaka wa pili ndiye aliyenifanya niandike makala hii. Kikaratasi chake hakikuwa na jina la mtu wala neno ajira. Kilisema: "Daftari."

Alikuwa mkimya. Jioni moja niliwapa urari uliokataa kubalansi kwa shilingi 45,000, nikawaachia nusu saa. Wote wakaanza kujumlisha upya kutoka juu. Yeye hakujumlisha. Aligawanya tofauti kwa tisa, akapata 5,000 kamili, akanyosha mkono. "Kuna mtu amegeuza tarakimu," akasema. Akaanza kutafuta, na kwenye leja ya wadaiwa akakuta 27,000 palipotakiwa 72,000. Dakika nne. Tofauti ikigawanyika kwa tisa, mara nyingi tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Ni ujanja wa zamani wa wahasibu, lakini sikuwa nimewafundisha bado.

"Nani alikufundisha?"

"Nilikuta tu, mwalimu. Nilikuwa narudia rudia hesabu za mama."

Mama yake alikuwa anauza mitumba soko la SIDO, pale Mwanjelwa. Aliwakopesha wachuuzi waliokuwa wanapeleka nguo Inyala, Mbalizi, mpaka Chimala siku za mnada; wanachukua, wanauza, wanarudisha. Wote walikuwa kwenye kaunta buku moja, na kaunta buku lilikuwa linalala kibandani chini ya marobota. Agosti 2017 soko lile liliungua. Yeye alikuwa darasa la saba, wiki chache kabla ya mtihani wa taifa. Anasema mama hakulia kwa ajili ya nguo. Nguo alijua zimekwenda. Usiku aliwasha taa, akamwambia mwanawe achukue daftari lake la shule, akaanza kutaja majina kutoka kichwani, na mtoto anaandika. Fulani wa Inyala, elfu arobaini na tano. Mama fulani wa Mbalizi, sitini, hapana, alilipa ishirini, andika arobaini. Walifika majina thelathini na moja, na alfajiri ilikuwa inakaribia.

Wachuuzi kumi na mmoja walikuja wenyewe kulipa. Wengine walimwambia mama yake neno ambalo kijana alinitajia polepole, kana kwamba bado analisikia: "Kama lipo kwenye daftari, nionyeshe."

Sikuwa na la kumwambia. Nilimwongezea chai.

Mama sasa ana meza nyingine, na madaftari mawili: moja mezani, jingine nyumbani. Kijana ana la tatu, kwenye simu. Kila Jumapili jioni anampigia, mama anasoma jina kwa jina, yeye anaingiza. Wiki iliyopita alifika darasani mapema, kabla ya wenzake, akakaa dirishani simu iko sikioni. Nilikuwa nafuta ubao. Mvua ilikuwa inaanza juu ya bati, akalazimika kupaza sauti.

"Shikamoo mama... Ndiyo, endelea... Huyo wa Chimala, umesema elfu sitini na tatu au thelathini na sita?... Hapana, mama, usikisie. Soma tena."

Akasubiri, kalamu iko mkononi, anatazama mvua.

"Haya, vaa miwani. Nakungoja."